Metali za Sumaku Zinazotanuka na Kusinyaa kwa Joto: Dalili, Visababishi na Utatuzi

Mwongozo huu unahusu metali ambazo ukubwa wake na usumaku wake vimefungamana, yaani zile ambazo joto linapopanda hazitanuki kama chuma cha kawaida, bali ama hubaki karibu palepale, ama husinyaa, ama huruka ghafla kutoka ukubwa mmoja hadi mwingine. Umeandikwa kwa kuzingatia hali ya Tabora, ambako asubuhi ya Juni au Julai kipimajoto huweza kusoma nyuzi 15 za sentigredi, na mchana wa Oktoba kikasoma 32 au 33 kivulini, huku bati la paa lililopigwa jua likiweza kupita 60. Fundi wa mtaa wa Ng'ambo anayefungua pasi, mpima ardhi anayefanya kazi kando ya reli ya kwenda Kigoma, mwalimu anayetunza maabara ya shule na mtu anayegandisha upya sumaku za mota wote hukutana na jambo lilelile kwa sura tofauti, na mara nyingi lawama huangukia kifaa kisichohusika.

Naomba msomaji ashike jambo moja kabla ya yote. Joto linaloamua tabia ya metali ni joto la metali yenyewe, wala si la hewa wala la chumba. Karibu kila uchunguzi ulioenda mrama ninaoletewa ulianza kwa mtu kuandika daftarini joto la chumba, kisha akashangaa kwamba kipande kilichokaa dirishani hakifuati hesabu.

Kinachotokea ndani ya metali

Katika metali ya kawaida joto hutikisa atomi, na atomi zinazotikisika zaidi huhitaji nafasi zaidi, hivyo kitu kizima hutanuka. Chuma cha pua cha kawaida (si kile kisichoshika kutu) huongezeka kiasi cha sehemu 11 hadi 12 kwa milioni ya urefu wake kwa kila nyuzi moja, shaba kiasi cha 17, na alumini kiasi cha 23. Namba hizi huonekana ndogo, lakini kilomita 1 ya reli, kama ingeachwa huru kabisa, ingerefuka karibu sentimita 35 joto lake likipanda kwa nyuzi 30.

Katika metali ya sumaku kuna nguvu nyingine inayofanya kazi wakati huohuo. Kila atomi ina usumaku wake mdogo, na pale ambapo atomi nyingi zimejipanga kwa mwelekeo mmoja, katika aloi (michanganyiko ya metali) kadhaa mpangilio huo huzisukuma mbali kidogo kuliko ambavyo zingekaa bila mpangilio. Joto linapopanda mpangilio hulegea, na nafasi ile ya ziada hupotea, ilhali mtikisiko wa atomi unaendelea kudai nafasi zaidi. Nguvu hizo mbili zikikaribia kulingana, kitu hakibadiliki ukubwa. Mfano wake mashuhuri ni Invar, aloi ya chuma yenye nikeli asilimia 36, ambayo Charles Édouard Guillaume, mwanafizikia wa Uswisi, aliigundua mwaka 1896 akiwa katika Ofisi ya Kimataifa ya Mizani na Vipimo huko Sèvres, Ufaransa, na mwaka 1920 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake juu ya aloi za namna hiyo. Mtanuko wa Invar katika joto la kawaida ni karibu sehemu 1.2 tu kwa milioni kwa kila nyuzi, yaani takriban moja ya kumi ya ule wa chuma cha pua.

Kupotea kwa mpangilio kukishinda mtikisiko, kitu husinyaa kinapopashwa moto. Manganisi iliyoungana na aseniki hupoteza karibu asilimia 2 ya ujazo wake inapopita nyuzi 40 hadi 45, na michanganyiko ya lanthani, chuma na silikoni hupoteza kiasi cha asilimia 1.5 inapovuka joto lake la mpito, yaani lile ambalo usumaku wake hubadilika ghafla. Aloi ya chuma na rodi (metali iitwayo rhodium kwa Kiingereza) huenda kinyume. Ikipashwa hadi kati ya nyuzi 80 na 100 hivi, kutegemea uwiano wake, huanza kuwa sumaku badala ya kuacha kuwa sumaku, na ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 1 katika nyuzi chache tu. Kipande cha chuma cha kawaida kingelazimika kupashwa karibu nyuzi 280 ili kipate badiliko kama hilo.

Joto ambalo mpangilio wa usumaku huvunjika huitwa joto la Curie. Kwa chuma safi ni nyuzi 770, kwa nikeli karibu 358, kwa Invar karibu 230, kwa sumaku za neodimi karibu 310, na kwa gadolini karibu 20. Mtu anayetafuta chanzo cha tatizo aanze kwa kuuliza iwapo metali aliyonayo imefikia joto hilo au imelikaribia, maana mbali nalo metali hizi huwa na adabu, na karibu nalo hubadilika sana kwa nyuzi chache.

Dalili: sumaku zinabanduka kwenye rota (sehemu ya mota inayozunguka)

Mota ya baiskeli ya umeme, ya feni au ya pampu ya juu ya ardhi hufanya kazi vizuri asubuhi, na baada ya saa moja ya kazi huanza kukwaruza. Ikifunguliwa, sumaku moja au mbili huwa zimeacha mahali pake na kugusa mzunguko wa nje. Fundi huweka gundi ya matone, ile ya kukauka haraka, na baada ya muda mfupi mota inarudi ikiwa na tatizo lilelile. Kwa kawaida husemwa kwamba gundi ilikuwa feki. Huenda ni kweli, lakini hata gundi halisi ya aina hiyo isingedumu.

Sumaku ya neodimi haitanuki sawasawa pande zote. Kwa upande wa mwelekeo wa usumaku wake hutanuka kiasi cha sehemu 5 hadi 7 kwa milioni kwa kila nyuzi, lakini kwa upande unaokatiza mwelekeo huo husinyaa kidogo, takriban sehemu 1 kwa milioni. Sumaku nyingi za mota zimepewa usumaku kupitia unene wake, kwa hiyo uso uliogandishwa kwenye rota ni ule unaosinyaa, na chini yake pana chuma au alumini inayotanuka. Tuchukue sumaku yenye urefu wa milimita 50 iliyogandishwa juu ya alumini, na tuseme mota imetoka nyuzi 25 hadi 85. Alumini imerefuka karibu milimita 0.07, na sumaku imefupika kwa karibu milimita 0.003. Tofauti hiyo yote hubebwa na gundi, na hubebwa tena kila siku mota inapopata moto na kupoa. Gundi ya matone ni ngumu na hukatika kama kioo, tena hudhoofika sana inapokaribia nyuzi 80.

Ili kuthibitisha kwamba chanzo ni hiki, tazama mabaki ya gundi kwa lenzi au hata kwa kamera ya simu iliyokuzwa. Gundi iliyochoka kwa mtanuko huanza kuachia kwenye ncha mbili za sumaku, na hapo utaona mstari mweupe, mkavu, ulioingia ndani kutoka kila ncha, ilhali katikati gundi bado ni angavu na imeshika. Gundi iliyowekwa kwenye uso mchafu huachia yote kwa pamoja na kubaki upande mmoja, ikiwa laini kama plastiki. Ikiwa gundi imegeuka kahawia na kuvunjika vipande, mota imepata moto kupita kiasi, na hapo chunguza kwanza waya na bearingi kabla ya kushughulika na sumaku.

Katika matengenezo, weka alama ya chaki kwenye kila sumaku kabla ya kuitoa, kwa sababu sumaku jirani huwa zimepangwa kwa kupishana kaskazini na kusini, na sumaku moja ikigeuzwa mota haitazunguka vizuri hata ikigandishwa kwa ustadi. Safisha nyuso kwa asetoni, kwaruza chuma kwa msasa laini, lakini usikwaruze sumaku yenyewe, maana ngozi yake ya nikeli ndiyo inayoizuia isishike kutu, na neodimi hushika kutu upesi. Tumia epoksi ya sehemu mbili inayostahimili joto na yenye kunyumbuka kidogo, kisha acha tabaka lake liwe na unene ulio sawa wa milimita 0.1 hadi 0.2. Watu wengi huibana sumaku kwa nguvu mpaka gundi yote itoke pembeni, wakiamini kwamba tabaka jembamba ndilo imara. Kwa vitu vinavyotanuka kwa viwango tofauti imani hiyo ina madhara, kwa kuwa tabaka lililo jembamba mno halina nafasi ya kunyumbuka. Epoksi isikaushwe kwa kuiweka rota kwenye moto wa mkaa, kwani sumaku za kawaida za neodimi hazipaswi kupita nyuzi 80.

Dalili: mota imepoteza nguvu mchana

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu sumaku hulaumiwa kupita kiasi. Sumaku ya neodimi hupungua nguvu kwa karibu asilimia 0.12 kwa kila nyuzi, hivyo ikipanda kwa nyuzi 60 hupungua kiasi cha asilimia 7, na ikipoa hurudi. Waya wa shaba katika mota hiyohiyo huongeza ukinzani wake kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi, na kwa nyuzi hizohizo 60 ongezeko hufika asilimia 23. Kama mota inaendeshwa na paneli za sola, nazo hupungua zinapopata moto. Kwa hiyo udhaifu wa mchana unaoisha asubuhi ni wa kawaida, na dawa yake ni hewa na kivuli.

Udhaifu usioisha hata baada ya usiku mzima wa kupoa ni jambo jingine. Huo humaanisha kwamba sumaku ilipita kiwango chake na sehemu ya mpangilio wake imegeuka. Pima kwa kuilinganisha na sumaku nzima ya umbo lilelile. Zote zivute kipande kilekile cha chuma kupitia ubao wa unene uleule, zikiwa zimepoa. Sumaku iliyochoka namna hii haiponi kwa kupumzishwa, nayo hubadilishwa tu au hupelekwa kwa mwenye mashine ya kuirejeshea usumaku.

Dalili: pasi haikati umeme, au inakata kwa kuchelewa kwenye alama ya juu

Thamostati ya pasi ni ukanda wa metali mbili zilizoshikamana. Upande mmoja ni metali inayotanuka sana, na upande wa pili ni aloi ya jamii ya Invar ambayo karibu haitanuki. Joto likipanda, upande unaotanuka huusukuma ukanda upinde, na ncha yake huachanisha platini mbili zinazopitisha umeme. Kazi yote ya ukanda huu hutegemea ule usumaku wa Invar unaoizuia isitanuke, na ndiyo sababu pasi imo katika mwongozo huu.

Chomoa pasi kwenye umeme na uiache ipoe kabisa kabla ya kugusa chochote. Zungusha kitufe cha joto kutoka sifuri hadi alama ya juu na usikilize, kwani thamostati nzima hutoa mlio mfupi inapofunga. Weka mita kwenye platini. Ikiwa zinapitisha hata kitufe kikiwa sifuri, platini zimeungana kwa cheche, na utaona doa jeusi lenye chembe iliyoyeyuka katikati yake. Zinaweza kutenganishwa kwa wembe na kusafishwa kwa msasa laini sana, lakini uso wa fedha ukishaisha, badilisha thamostati yote.

Ikiwa pasi hufanya kazi vizuri kwenye alama za chini, za nailoni na hariri, lakini kwenye alama ya pamba au kitani hupita kiasi na kuunguza nguo, mkosaji wa kwanza kushukiwa ni aloi yenyewe. Invar ya nikeli asilimia 36 hufanya kazi hiyo vizuri hadi karibu nyuzi 200. Inapokaribia 230 usumaku wake unapotea, na kuanzia hapo nayo hutanuka kama chuma kingine, hivyo tofauti kati ya pande mbili za ukanda hupungua, na kila nyuzi inayoongezeka huupinda ukanda kidogo kuliko ile iliyotangulia. Kanda zilizotengenezwa kwa ajili ya joto kubwa hutumia aloi yenye nikeli asilimia 42, ambayo joto lake la Curie hupita nyuzi 300. Ukanda wa ziada unaouzwa mmojammoja bila maelezo unaweza kuingia vizuri kwenye skrubu zake, ukafanya kazi kwenye alama tatu za kwanza, na bado ukawa si wa pasi hiyo.

Kuna jaribio ambalo fundi anaweza kulifanya kwa ukanda aliouondoa. Ning'iniza kipande kidogo cha sumaku ya spika ya zamani, ile nyeusi ya feraiti (oksidi ya chuma iliyochomwa kama kigae), kwenye upande wa Invar, kisha pasha ukanda taratibu huku kipimajoto cha waya kikiugusa. Ikiwa sumaku inaanguka karibu na nyuzi 230, aloi ni ile ya asilimia 36. Ikiwa bado imeshika nyuzi 280, aloi ni ya daraja la juu zaidi. Usitumie sumaku ya neodimi katika jaribio hili, kwa kuwa itaharibika kabla ya Invar kukujibu chochote.

Kisababishi kingine ni ukanda uliopindika moja kwa moja. Pasi iliyowahi kuungua huacha ukanda wenye mkunjo hata ukiwa baridi, na mafundi wengi huurekebisha kwa koleo. Siungi mkono jambo hilo. Kuikunja Invar ikiwa baridi hubadilisha mtanuko wake, na ukanda ulionyooshwa kwa koleo hautafuata tena alama za kitufe, hata kama kwa macho unaonekana umenyooka. Kugeuza skrubu ya urekebishaji nako kunafaa pale tu ambapo pasi imekosea kwa kiasi kilekile kwenye alama zote. Ikiwa kosa linakua kadiri joto linavyopanda, skrubu itahamisha kosa kutoka alama ya juu hadi alama ya chini.

Dalili: vipimo vya asubuhi na vya mchana havilingani

Tepu ya chuma ya mita 30, iliyokuwa na nyuzi 16 alfajiri na 46 mchana ikiwa imelala juu ya udongo mkavu, hurefuka kwa milimita 10 na zaidi kidogo. Tepu ya Invar katika hali hiyohiyo hurefuka karibu milimita 1. Mpima ardhi mwenye tepu iliyouzwa kwa jina la Invar, ambaye bado anaona tofauti ya milimita 8 au 10, ana haki ya kuishuku, lakini asijaribu kuitambua kwa sumaku, kwani chuma cha pua cha kawaida na Invar vyote hunaswa na sumaku vilevile. Njia ya kuaminika ni kuinyoosha sambamba na tepu ya chuma inayojulikana, zote zikivutwa kwa nguvu ileile iliyopimwa kwa mizani ya springi, mara moja alfajiri na mara nyingine mchana, na kusoma jinsi moja inavyoipita nyingine. Ikiwa zinakwenda pamoja, zote mbili ni chuma cha kawaida.

Tepu halisi ya Invar inaweza pia kuharibika bila kuonekana. Ni laini kuliko tepu ya chuma, na ikikunjwa kwa kona kali, ikikanyagwa au ikifungwa kwenye gurudumu dogo mno, mtanuko wake hubadilika mahali palipoumia. Aidha Invar hubadilika urefu polepole kwa miaka hata bila joto, jambo ambalo Guillaume mwenyewe alilichunguza, na ndiyo maana tepu na fimbo za kupimia usawa za aloi hii hulinganishwa upya na kipimo sanifu kila baada ya muda.

Dalili: sufuria la umeme la wali linajizima mapema

Hapa hakuna mtanuko, bali usumaku peke yake. Chini ya sufuria pana feraiti iliyochanganywa ili ipoteze usumaku karibu nyuzi 103, na sumaku inayoshikana nayo huachia swichi. Maji ya Tabora, mji ulio karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 96, na ya Kigoma, kando ya ziwa lililo karibu mita 773, huchemka kidogo juu ya 97. Maadamu kuna maji, feraiti haifiki nyuzi 103. Sufuria likijizima wakati wali bado una maji, chunguza kama kuna punje iliyokauka au ukoko kati ya sufuria na feraiti, au kama kitako cha sufuria kimebonyea, kwa kuwa feraiti isiyogusana vizuri na sufuria hupokea joto la bamba la umeme la chini moja kwa moja. Likikataa kujizima kabisa, mara nyingi springi imeshika kutu au uji uliomwagika umekauka pembeni mwa feraiti.

Dalili: usomaji wa kupanda na wa kushuka haukubaliani

Wanafunzi wanaopima mpito wa aloi hizi huchora mstari wa joto linapopanda, kisha mstari wa joto linaposhuka, na kukuta mistari miwili badala ya mmoja. Kwanza hushukiwa kipimajoto. Sababu zinazowezekana ni mbili, na ni rahisi kuzitenganisha. Kipimajoto kikiwa kimekaa mbali na kipande, joto lake hutangulia au huchelewa. Hapo punguza kasi ya kupasha kwa nusu, kisha kwa nusu tena, na kama pengo kati ya mistari linapungua kila mara, tatizo ni upimaji. Pengo likibaki palepale hata unapopasha kwa kasi ya nyuzi moja kwa dakika kadhaa, hilo ni la metali yenyewe. Manganisi-aseniki, kwa mfano, huacha usumaku kwenye joto moja inapopashwa na kuurudia kwenye joto la chini yake kwa nyuzi kadhaa inapopozwa, na aloi ya chuma na rodi hufanya hivyo kwa pengo la takriban nyuzi 10. Pengo la namna hii liandikwe kama tokeo la jaribio, lisisahihishwe.

Baadhi ya michanganyiko ya manganisi, chuma na fosforasi ina tabia nyingine inayochanganya zaidi, ambayo ni kwamba mzunguko wake wa kwanza haufanani na wa pili. Pitisha kipande kwenye mpito mara chache kabla ya kuanza kuandika namba.

Gadolini inastahili neno kwa faida ya walimu, kwa kuwa Tabora ni mahali pazuri mno pa kuionyesha. Joto lake la Curie ni karibu nyuzi 20, na chumba cha darasa huvuka kiwango hicho kila siku ya Juni. Lakini walimu wengine hulalamika kwamba kipande chao bado kinavutwa saa sita mchana na kudhani wameuziwa metali nyingine. Karibu na joto la Curie, gadolini iliyokwisha kupoteza mpangilio bado huvutwa waziwazi na sumaku kali ya neodimi. Tumia sumaku dhaifu ya feraiti, ning'iniza kipande kwa uzi, kipoze katika maji ya mtungi uliolala nje, kisha kihamishie kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 40, na tofauti itaonekana hadi dawati la nyuma.

Dalili: kipande kinapasuka na kugeuka unga

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote ya metali zinazobadilika ghafla, na ndilo lililozuia nyingi kati yake zisitumike mapema katika majokofu ya sumaku, ambayo huvuna ubaridi kutokana na mpito huohuo. Kipande kilichotoka kwenye tanuru kikiwa kizima, chenye mlio mkavu kinapogongwa, baada ya kupashwa na kupozwa mara kadhaa hupata nyufa nyembamba, kisha hugongwa bila mlio, kisha huacha chembe kwenye karatasi.

Kisababishi kikuu kimo katika namna punje za ndani zilivyopangwa. Manganisi-aseniki hubadilika kwa karibu asilimia 1 katika pande mbili za fuwele yake na karibu haibadiliki katika upande wa tatu. Kipande cha kawaida kina punje maelfu zilizoelekea kila upande, hivyo kila moja husinyaa kwa mwelekeo wake na kumvuta jirani asiyetaka kwenda huko. Mpasuko huanzia kwenye mipaka ya punje. Kwa hiyo kipande kilichopasuka baada ya mizunguko michache hakimaanishi kwamba aloi ilitengenezwa vibaya.

Uliza kwanza kipande kilisafirije. Sampuli yenye mpito kati ya nyuzi 40 na 45, iliyowekwa kwenye buti ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Tabora mwezi wa Oktoba, hupashwa mchana na kupozwa usiku, na inaweza kuvuka mpito wake safarini, na kuuvuka tena ikihifadhiwa kwenye kabati linalopigwa na jua la jioni. Mwenye maabara huipokea ikiwa tayari imechoka, kisha huandika kwamba imepasuka katika mzunguko wa kwanza. Tuma sampuli za namna hiyo ndani ya kisanduku cha povu pamoja na kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu na la chini.

Michanganyiko ya lanthani, chuma na silikoni iliyotiwa hidrojeni ili mpito wake uhamie karibu na joto la chumba ina udhaifu mwingine. Ile ambayo haikujazwa hidrojeni kikamilifu, ikikaa siku nyingi kwenye joto lilelile la mpito, hidrojeni husogea ndani yake na kipande hugawanyika katika sehemu mbili zenye mipito tofauti. Ukiona mpito mmoja umegeuka kuwa miwili baada ya likizo ndefu, angalia kabati lilikuwa na nyuzi ngapi. Ihifadhi mahali penye joto lililo mbali na mpito wake.

Kwa matumizi yanayohitaji mizunguko mingi, kipande kizima si umbo linalofaa. Watafiti husaga aloi na kuichanganya na epoksi, au huiacha na matundu madogo ndani, ili kila punje iwe na nafasi ya kusogea bila kumvunja jirani. Uwezo wa kupitisha joto hupungua kwa njia hiyo, na hiyo ni gharama ambayo mpimaji aiingize kwenye hesabu zake.

Manganisi-aseniki isiletwe darasani hata kidogo, kwa sababu ya aseniki iliyomo. Katika maabara inayoruhusiwa kuitumia, unga wake usifagiliwe kwa ufagio wala kupulizwa, bali ufutwe kwa kitambaa chenye maji kilichoshikwa kwa glovu, kitambaa hicho kiingizwe kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko, na chombo kiandikwe neno aseniki kwa herufi kubwa kabla hakijawekwa kwenye kabati lenye kufuli.